Buibui mkali wa Usambara kahitaji nyumba mpya: nimhamishe vipi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo Leicester, Uingereza, ila kwetu ni Muheza. Nilinunua kitoto cha tarantula wa Usambara, yule wa rangi ya chungwa, akiwa mdogo kama ukucha. Sasa akinyoosha miguu anafika sentimita tisa hivi na bado yumo kwenye kopo la plastiki la lita moja. Utando umejaa mpaka umeshika kifuniko. Nikifungua kidogo tu anasimama, ananyanyua miguu ya mbele na kutoa meno. Wiki iliyopita alikula nyenje vizuri. Rafiki yangu anasema nimtie kwenye friji nusu saa apoe, halafu nivae glavu za bustani nimtoe. Yeye ana yule wa bluu wa India, naye anataka kumhamisha. Mama kasema buibui akitoka, mimi na buibui wote tutafute pa kulala. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Friji hapana, glavu za bustani hapana, na mama yako asikilizwe. Kumhamisha inawezekana, tena bila purukushani, lakini sehemu kubwa ya kazi inamalizika kabla hujagusa kifuniko.

Niseme ya friji kwanza maana ushauri huo unazunguka sana. Buibui hatengenezi joto lake mwenyewe, kwa hiyo ni kweli kwamba akipoa anazubaa. Shida ni kwamba huwezi kujua amepoa kiasi gani, na joto linaanza kumrudia palepale unapomtoa. Unafungua kopo ukiamini kalala, kumbe yuko katikati: kukimbia vizuri hawezi, kuuma anaweza. Ukimzidishia baridi unamuumiza bure. Wapo pia wanaomlevya kwa gesi ya kaboni dioksidi, na hao nawaambia waiache hukohuko maabara. Unachoweza kufanya ni kuzima hita ya chumba usiku wa kuamkia siku ya kazi, asubuhi chumba kiwe na ubaridi wa kawaida wa nyuzi 18 hadi 20. Buibui aliyetoka kwenye joto la nyuzi 28 ana mbio ambazo jicho halifuati, na kupunguza joto la chumba kidogo hakumdhuru.

Glavu nene zinakuondolea hisia ya vidole, na tumbo la buibui ni laini, ukilibana kidogo tu limepasuka. Halafu ule mdomo mpana wa glavu kwenye kifundo cha mkono ni shimo lenye giza, na mnyama huyu akitishika anatafuta shimo lenye giza. Vaa shati la mikono mirefu linalobana kifundoni, basi. Kama una nywele ndefu zifunge. Mkono wako haupaswi kufika mahali ambapo glavu ingehitajika.

Sasa tumjue mwenyewe. Jina lake la kisayansi ni Pterinochilus murinus, alilopewa na mtaalamu wa wanyama Pocock mwaka 1897. Anapatikana Kenya na Tanzania, na kusini na magharibi zaidi mpaka Angola, kwa rangi mbalimbali, mara nyingi kijivu au kahawia. Huyu wa chungwa ndiye wafugaji wamempa jina la Usambara. Kwa mtu wa Muheza, aliyekulia miguuni mwa milima ya Usambara Mashariki, kuuziwa ndugu wa nyumbani kwenye duka la Leicester ni jambo la kuchekesha kidogo. Porini anakaa kwenye mashimo na penye mizizi, na mlango wake anaufuma utando mzito kama neli.

Tarantula wengi wa Amerika, Kusini na Kaskazini, wana vinyweleo vinavyowasha tumboni. Wakitishwa wanavikwangua kwa miguu ya nyuma na kukurushia. Wa Afrika na Asia hawana. Wa kwetu ana mbio na meno tu, na anavitumia kwa mpangilio: kwanza anakimbilia shimoni. Shimo likikosekana, anasimama na kuonyesha meno. Akiguswa tena, anauma. Ukitazama unachofanya wewe, kila ukifungua kifuniko unaupasua utando uliokishika, ndio dari na mlango wake. Hatua ya kwanza umemnyima, anaanzia ya pili. Huo ukali unaouona ni wa mtu aliyevunjiwa mlango akiwa ndani.

Ndiyo maana sitaki ufikirie habari ya kumkamata. Mtengenezee giza jipya lililo zuri kuliko alilonalo, lisogeze karibu, umwache aende mwenyewe kwa miguu yake.

Kabla ya hapo hakikisha kwamba huu ndio wakati. Kwa kopo la lita moja na miguu ya sentimita tisa, nakubali amechelewa kuhama. Ila buibui anayekaribia kujivua gamba haguswi. Dalili zake ni kukataa chakula, rangi kufifia, tumbo kunenepa na kung'aa, na mara nyingine kuziba mlango kwa utando na kujifungia. Ukimkuta amelala chali, usidhani amekufa, huyo anajivua. Akishajivua, meno huwa meupe na laini, kisha hugeuka mekundu, kisha meusi. Mpaka yawe meusi kabisa, mwache. Kwa ukubwa wa huyu wako nangoja wiki mbili. Kwa kuwa wiki iliyopita alikula, nadhani upo salama, lakini mpe nyenje mwingine siku chache kabla. Akimrukia, endelea. Akimpuuza, mtoe nyenje na uahirishe kazi.

Nyumba mpya iwe ya mwisho. Jike la aina hii huishi miaka zaidi ya kumi na miguu hufika sentimita 10 hadi 13, hivyo usimnunulie boksi la kati ukaja kurudia shughuli hii mwakani. Kila uhamisho unaouepuka ni hatari mliyoiepuka nyote wawili. Boksi la urefu wa sentimita 30, upana 20 na kimo 25 linamtosha maisha. Mimi nachagua la kufunguka juu. Yale ya mlango wa kioo mbele yanapendeza kwenye picha, lakini buibui huyu hufuma utando mpaka kwenye mlango, na siku ya kuweka maji mnakutana uso kwa uso.

Mimina udongo kina cha sentimita 12 mpaka 13. Vumbi la makumbi ya nazi lililochanganywa na udongo wa kawaida usio na mbolea wala dawa ni zuri. Lishindilie kwa kiganja mpaka ukitoboa kwa kidole tundu linabaki wazi, halibomoki. Liwe karibu kavu, maana huyu si mnyama wa unyevunyevu. Upande mmoja laza gome la mti lililojikunja, kama yale ya mti wa koki (cork) wanayouza kwenye maduka ya wanyama, sehemu yake ifukiwe, na chini yake chimba shimo la kuanzia kwa mpini wa mwiko: literemke kwa mshazari mpaka karibu na sakafu ya boksi, upana wake umtoshe kuingia bila kubanwa. Hili shimo usilifanye kwa haraka. Lifanye vizuri, ingiza tochi uone ndani, ondoa udongo uliomwagika. Uhamisho wote unategemea shimo hilo.

Juu ya udongo ibaki nafasi ya sentimita 12 au 13, isizidi sana hapo. Tarantula akianguka kutoka juu tumbo hupasuka, na tumbo likipasuka hakuna tiba. Matundu ya hewa yawe ubavuni. Kuhusu ukubwa wa matundu na nyufa za kifuniko, pima kwa kifua chake, ile sehemu ngumu ya mbele inayobeba miguu. Tumbo linaweza kujiminya, kifua hakiwezi, kwa hiyo pale kifua kinapopita naye anapita. Kwa huyu wako, ufa wa milimita tano ni mwingi. Weka kisosi cha maji kwenye kona ya mbali na gome, halafu liache boksi likae siku mbili tatu uone kama ukungu unajikusanya.

Mahali pa kufanyia kazi ni sakafuni. Si mezani wala kitandani. Chagua chumba kisicho na vitu vingi, na katika nyumba nyingi za Uingereza hicho ni bafu. Ziba tundu la sinki na la beseni la kuogea, funika choo, tandika taulo chini ya mlango. Chukua kontena kubwa la kuwekea nguo, la lita 60 au 80, uliweke sakafuni na boksi jipya ulitie ndani yake. Akitoka kwenye boksi atakuwa bado ndani ya kontena. Usitegemee ukuta laini kumzuia, kwa sababu nyayo zake zina vinyweleo vinavyoshika hata kioo. Kontena linakununulia sekunde tu, na sekunde ndizo unazotaka.

Vifaa: tochi, brashi laini ya rangi yenye mpini mrefu, koleo refu, bakuli la plastiki angavu linalomfunika na miguu yake yote, karatasi ngumu ya plastiki kama jalada la faili, selotepu, na chupa ya soda ya lita mbili ambayo matumizi yake nitayaeleza. Koleo ni la kushika kopo na vyombo. Buibui hashikwi kwa koleo.

Fanya mchana, taa zote ziwake. Watu wanashangaa nikisema hivi, wanaona heri gizani ambapo ametulia. Usiku ndipo anapotembea. Mchana, mwanga ukiwa mkali, amejikunyata chini kabisa ya neli yake, na ndipo unapotaka awe. Mama mwambie mapema saa utakayoanza, akae sebuleni. Mtu anayepiga yowe mlangoni ni hatari kuliko buibui. Akiwepo mtu mzima mwingine mtulivu wa kukushikia tochi, vizuri. Watoto na paka wasiwepo.

Sasa njia yenyewe. Usimhamishe kutoka kopo kwenda boksi: lichukue kopo lote, lingali limefungwa, uliweke ndani ya boksi jipya. Mulika tochi ubavuni mwa kopo, pole pole, mpaka umwone. Utaona ncha za miguu, au tumbo limebanwa ukutani kwenye neli ya utando. Kifuniko hakifunguliwi kabla hujamwona. Akiwa juu karibu na mdomo, kaa kitako usubiri. Robo saa, nusu saa, hata kesho. Akiwa chini, legeza kifuniko bila kukinyanyua, usikilize na kutazama. Halafu kinyanyue upande mmoja kiasi cha unene wa penseli. Utaona nyuzi nyeupe zinavutika kati ya kifuniko na ukuta. Pitisha mpini mwembamba wa brashi kuzunguka ukingo, uzikate kidogo kidogo. Usikivute, kwa sababu ukikivuta unang'oa neli nzima na yeye ndani yake atahisi dunia inatikisika. Wakati huo usipeleke uso karibu na mdomo wa kopo, na usipulize. Macho yake manane yanaona vibaya, lakini miguu ina vinyweleo vinavyopokea kila mtikiso wa hewa, na pumzi yako kwake ni upepo wa kitu kikubwa kinachokuja.

Kifuniko kikishatoka, laza kopo ubavu kwa koleo au kwa mkono ulioshika upande wa kitako, mdomo wake ukielekea kwenye shimo la chini ya gome, umbali wa vidole viwili vitatu. Funga kifuniko cha boksi jipya. Umemaliza kazi ya siku.

Njia hii ndiyo naipenda kuliko zote kwa sababu moja: akikurupuka akatoka mbio, hajatoroka, amefika. Popote atakapokimbilia ni ndani ya nyumba yake mpya, na sehemu yenye giza zuri ni moja tu, uliyoitengeneza wewe. Kopo ni angavu, linapitisha mwanga pande zote, gome halipitishi. Wengine wanahama usiku uleule, wengine baada ya siku nne tano. Mpe wiki nzima. Asubuhi mulika tochi: ukimwona chini ya gome, au ukaona utando mpya umeanza mlangoni, ngoja mchana akiwa ndani, fungua, toa kopo kwa koleo refu. Chungulia ndani ya kopo kwanza! Utando mzee una tabaka nyingi na buibui anaweza kukaa katikati yake usimwone.

Akikataa kuhama, na wapo wenye kichwa kigumu wanaoziba mdomo wa kopo upya na kustarehe, ndipo inakuja chupa. Kata kitako cha chupa ya soda ubaki na upande wa shingo, urefu kama sentimita 15, na ukingo uliokatwa uuzungushie selotepu usimkate miguu. Kizibo kibaki kimefungwa, kitobolewe kwa sindano. Pima mapema, kwa kopo tupu la aina hiyohiyo, kama mdomo wake unaingia barabara kwenye chupa. Chupa ifunike kwa karatasi nyeusi au kitambaa kizito ndani yake kuwe giza. Kopo likiwa limelala ndani ya kontena kubwa, buibui akiwa ameonekana kitakoni, visha chupa mdomoni, funga selotepu pale vinapokutana, kisha weka taa kali upande wa kopo. Subiri kidogo. Mara nyingi lazima umwombe: pitisha mrija mwembamba au manyoya ya brashi kwenye tundu la hewa lililo nyuma yake, umguse mguu wa nyuma. Ukimgusa nyuma anasogea mbele. Ukimgusa miguu ya mbele anageuka kupigana. Kama hakuna tundu upande huo, gonga kitako cha kopo kwa kidole, taratibu na kwa vipindi. Atakwenda hatua mbili, atasimama, atakwenda tena. Safari ya mwisho huwa mbio, kwa hiyo usishtuke ukaachia chupa.

Akishaingia, chana selotepu, pitisha karatasi ngumu kati ya kopo na chupa huku ukiviweka vimegusana, ondoa kopo. Peleka chupa na karatasi yake ndani ya boksi, laza mdomo mpana mbele ya gome, vuta karatasi ngumu, toa ile karatasi nyeusi au kitambaa kilichofunika chupa, kisha funga boksi. Giza likimtoka atalitafuta lingine. Chupa utaitoa kesho yake mchana.

Je, akisimama na kutoa meno katikati ya shughuli? Acha kila kitu. Rudisha kifuniko kikae tu juu, bila kukikaza, umpe dakika kumi. Atashusha miguu. Kosa ninaloliona kwa watu wengi ni kuendelea kumsukuma kwa brashi kwa kuwa "nimeshaanza". Buibui aliyesimama hasogei, anapiga. Ataing'ata brashi, ataipanda, na yule anayeipanda yuko kwenye mkono wako kabla hujasema loo. Hali hiyo ikikukuta, achia brashi idondoke ndani ya kontena. Brashi inauzwa dukani.

Akitoka kabisa akawa wazi kwenye kontena au sakafuni, usimfukuze. Hawezi mbio ndefu. Anachomoka, anasimama, anachomoka tena, na baada ya michomoko michache anachoka. Kila anaposimama ni nafasi yako. Shusha bakuli juu yake taratibu, sawasawa, ukihakikisha miguu yote imeingia, kisha telezesha karatasi ngumu chini. Ukilipigiza bakuli utamkata mguu. Mguu huota tena kwa kujivua gamba mara kadhaa, lakini jeraha la tumbo halisameheki.

Akikupanda mkononi, usikung'ute. Hilo ndilo gumu kuliko yote niliyoyasema, na silo la kujifunzia siku hiyo, lifikirie leo. Mkono ukitulia ni gogo tu kwake. Teremka karibu na sakafu, sogeza bakuli mbele yake, mguse nyuma kwa brashi kama ipo. Ukikung'uta, anashika kwa meno au anaruka ukutani.

Na akipotea, usihamishe makabati kwa hasira. Funga mlango, taulo chini ya mlango libaki, tia kisosi cha maji na gome au neli ya karatasi nyeusi kwenye kona, kisha usiku rudi na tochi. Wengi hupatikana pembezoni mwa ukuta au kwenye viatu. Viatu vyote vya nyumba vikung'utwe mpaka apatikane, na mama aambiwe ukweli. Kumficha mama jambo hili ni kutafuta kulala nje kweli.

Kuhusu kuumwa, nitasema kama lilivyo. Hakuna kifo cha mtu kilichothibitishwa kutokana na sumu ya tarantula. Lakini maumivu ya huyu si ya nyuki. Sehemu huuma vikali na kuvimba kwa saa nyingi, na tarantula wa Afrika na Asia husababisha misuli kukaza, mara nyingine ikaanza saa kadhaa baadaye, mbali na palipoumwa, na kurudirudi kwa siku. Kwanza mrudishe au mfunike buibui. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba, osha kwa maji na sabuni, weka barafu iliyofungwa kitambaani, meza dawa ya maumivu uliyozoea. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Dawa ya kupoza sumu yake haipo, hospitali wanatibu dalili. Huko Uingereza piga 111 kuuliza, na 999 kama kuna maumivu ya kifua, shida ya kupumua, uvimbe wa uso au kuzirai. Liandike jina la kisayansi kwenye karatasi ubaoni leo, daktari ataliuliza. Na kama una ugonjwa wa moyo au mzio mkubwa, kazi hii mpe mfugaji mzoefu aje aifanye.

Rafiki yako mwenye wa bluu, Poecilotheria metallica, asifuate maelezo haya neno kwa neno. Huyo ni wa juu ya miti, kutoka Andhra Pradesh. Wa kwako akitishwa anashuka, huyo anapanda. Ukifungua kifuniko juu yake unamfungulia njia anayoitaka. Mtindo wake ni kusubiri mchana akiwa ndani ya gome lake lililosimama, kuziba ncha zote mbili za gome kwa vitambaa au sponji akiwa humohumo, na kulihamisha gome zima mpaka boksi jipya lenye kimo, kisha kuondoa sponji ya chini kwa koleo na kuiacha ya juu mpaka kifuniko kikaribie kufungwa. Kasi yake inazidi ya huyu wako, ingawa kwa kawaida anapenda kukimbia kuliko kugombana, na akiuma misuli inakaza vibaya. Tangu 2019 jenasi nzima ya Poecilotheria imo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo atunze karatasi za alikomnunua. Wa kwako hayumo, lakini ukienda likizo Muheza usije na ndugu zake kwenye mkoba. Kuna sheria za wanyamapori pande zote mbili za safari, na madukani wamejaa waliozaliwa mikononi mwa wafugaji.

Akishahamia, mwache. Hutamwona siku kadhaa, atakuwa anafuma. Maji yawepo, chakula usimpe kwa wiki moja. Baada ya hapo mtupie nyenje mmoja jioni, na kama asubuhi bado anazurura mtoe, maana nyenje mwenye njaa anaweza kumtafuna buibui anayejivua gamba. Siku ukifungua boksi kuweka maji, gonga ubavu kidogo kwanza ajue kuna mgeni arudi shimoni, halafu mimina kwa chupa yenye mrija mrefu. Boksi la aina hii halihitaji kusafishwa kila mara. Toa mabaki ya chakula kwa koleo, utando usiuguse hata kama unaona umechafuka.

Nitumie picha mbili kabla hujaanza: moja ya kopo likimulikwa ubavuni, nyingine ya boksi jipya kutoka juu lile shimo likionekana. Kama shimo halijakaa sawa nitakuambia.